Ganzi Iliyopanda Kutoka Miguuni: Nilivyoujua Mfumo wa Neva Nikiwa Nimelala

Ganzi inayoanzia kwenye nyayo zote mbili na kupanda si jambo la kulala nalo hadi kesho. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu huenda anayesoma ana mgonjwa pembeni yake, na huyo asisubiri nimalize simulizi yangu. Kama miguu inazidi kulegea siku hadi siku, ampeleke hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, leo hii.

Kwangu ilikuwa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva, yaani mishipa ya fahamu, ingawa jina hilo nililisikia baadaye. Yalinianza kwa tumbo. Nilihara siku kadhaa, nikapona, nikarudi kwenye shughuli zangu. Baadaye kidogo nikaamka vidole vya miguu vina ganzi ya kuchomachoma ambayo haikuisha hata nilipotembea. Kesho yake ilikuwa imefika kwenye vifundo. Ikawa siwezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, wala kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mgongo nao ukaanza kuuma, maumivu mazito katikati ya mabega na kiunoni, ambayo hayakupungua nilale ubavu gani.

Kituo cha kwanza nilichofika walinipima damu na shinikizo la damu, wakasema ni uchovu, nikatoka na vitamini na dawa za maumivu. Ugonjwa wenyewe ni adimu, humpata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo mhudumu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao. Kinachonisikitisha hadi leo ni kwamba hakuna aliyenigonga goti. Kipimo hicho hakihitaji maabara, hakichukui hata dakika, na kingeonyesha palepale kwamba huu si uchovu. Mtu aliyechoka, goti lake bado hurusha mguu. Langu lilikuwa limenyamaza.

Hospitali ya pili nilifika nimeshikwa kwapani na mdogo wangu wa kike. Daktari wa mishipa ya fahamu aliniuliza maswali ambayo wakati ule niliona hayana uhusiano. Imeanza upande mmoja au pande zote mbili? Imekuja ghafla au inapanda? Kuna mahali tumboni au kifuani ambapo ukipitisha kidole unahisi juu vizuri na chini huhisi? Mkojo unatoka kama kawaida? Baadaye nilimwomba anieleze kwa nini aliuliza hayo, akanivutia kiti. Maelezo yake ndiyo yaliyonisaidia kuvumilia yote yaliyofuata, kwa hiyo nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa.

Mfumo wa neva una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni ya kati, nayo ni ubongo pamoja na ugwe mgongo, ule uzi mnene unaoshuka kutoka kwenye ubongo ukipita ndani ya tundu la mifupa ya uti wa mgongo. Ya pili ni ya pembeni, yaani neva zote zinazounganisha ubongo na ugwe huo na mwili mzima. Jozi 12 huanzia kichwani na kuhudumia pua, macho, uso, masikio, koo na ulimi, na mojawapo, iitwayo vagasi, hushuka hadi kwenye moyo na matumbo. Jozi 31 huchipuka kwenye ugwe mgongo: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kifandugu. Kila neva ya namna hii hubeba nyuzi za hisia zinazopeleka habari juu, na nyuzi za mwendo zinazoleta amri kwa misuli.

Ukishaujua mpangilio huo, dalili zenyewe huanza kusema zilikotoka. Nyuzi nyingi za mwendo huvuka kwenda upande wa pili kwenye shina la ubongo, ndiyo maana kiharusi cha kushoto mwa ubongo hulegeza mkono na mguu wa kulia. Ugwe mgongo ukibanwa, mara nyingi hupatikana mstari kiwiliwilini ambapo chini yake hisia hubadilika, na mkojo husumbua mapema. Mimi sikuwa na upande mmoja wala mstari. Nilikuwa na miguu miwili iliyolegea sawasawa, ganzi kwenye nyayo, na magoti yasiyojibu nyundo.

Goti lina siri yake. Nyundo inapogonga kano chini ya kifuniko cha goti, habari husafiri kwa neva ya hisia hadi kwenye ugwe mgongo, eneo la kiuno, na pale pale hukabidhiwa neva ya mwendo inayorudi kwenye paja. Mguu huruka kabla ubongo haujapata habari. Mzunguko huo hauhitaji ridhaa ya mtu wala nguvu ya nia. Ukikatika kwa mtu mwenye akili timamu na miguu yote miwili imelegea, neva za pembeni huwa washukiwa wa kwanza.

Ndipo nilipolisikia jina: Guillain-Barré. Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl waliueleza mwaka 1916 kutokana na wanajeshi wawili wa Ufaransa waliolegea viungo, ingawa Jean Landry alikuwa ameandika kuhusu kupooza kunakopanda tangu 1859. Jina la Strohl limeachwa njiani na watu wengi, na mimi naona ni dhuluma, maana ndiye aliyeshughulikia vipimo vya umeme vya misuli na mitikisiko ya viungo, yaani ule mruko wa kiungo kinapogongwa nyundo.

Kinachotokea ni kwamba mwili unapopambana na ugonjwa fulani, mara nyingi wa kuhara au wa mafua, hutengeneza kingamwili ambazo baadaye hukosea shabaha. Bakteria aitwaye Campylobacter jejuni, ambaye husababisha kuhara, ana molekuli kwenye ngozi yake zinazofanana na zile zilizo juu ya neva zetu. Kinga iliyomwandama bakteria huishia kushambulia neva. Kwa wagonjwa wengi huharibika mayelini, utando wa mafuta uliozungushwa tabaka juu ya tabaka kuzunguka uzi wa neva kama bendeji kwenye kidole. Utando huo una mapengo madogo kila baada ya umbali fulani, na ishara husafiri kwa kuruka kutoka pengo hadi pengo. Nyuzi kubwa zenye mayelini zinaweza kupitisha ishara kwa kasi ya mita 120 kwa sekunde, ilhali nyuzi nyembamba zisizo nayo, kama zile za maumivu ya polepole, hupitisha mita moja hivi tu. Mayelini ikivuliwa, ishara hupungua kasi au hukwama kabisa. Uzi unaotoka kiunoni hadi kwenye mguu una urefu wa karibu mita moja, na daktari aliniambia kwamba kadiri uzi ulivyo mrefu ndivyo ulivyo na sehemu nyingi za kuweza kuharibiwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya miguu kutangulia.

Kuhusu vipimo nitasema mambo mawili yanayowatia watu hofu. La kwanza ni kutoa maji ya uti wa mgongo. Ndugu wengi hukataa wakidhani sindano itachoma ugwe na kumpoozesha mgonjwa. Kwa mtu mzima ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali ambapo kuna mizizi ya neva tu inayoelea majini na ambayo husogea sindano inapopita. Wanatafuta protini iliyopanda huku seli zikiwa chache. La pili ni kipimo cha umeme wa neva, ambacho hupima kasi ya ishara kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kinauma kidogo, kinavumilika. Vyote viwili vinaweza kutoka safi katika siku za mwanzo, kwa hiyo jibu safi la wiki ya kwanza lisiwafanye mkachukua mgonjwa na kurudi naye nyumbani ilhali anaendelea kulegea.

Mimi niliendelea. Mikono ilifuata, kisha uso: neva ya saba ya kichwa, kulia na kushoto, ikashindwa, nikawa siwezi kutabasamu wala kufumba macho sawasawa. Usiku walinitia dawa ya kulainisha macho na kuyafunika kwa plasta laini ili yasikauke. Halafu maji yakaanza kunipalia, dalili kwamba neva za koo zimeguswa. Hapo wauguzi wakaongeza umakini kwa sababu hatua inayofuata inaweza kuwa pumzi. Kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, huamriwa na neva inayotoka shingoni, kwenye jozi ya tatu, ya nne na ya tano. Ndiyo maana ganzi ya miguuni inayopanda haiko mbali na pumzi kama inavyodhaniwa.

Kila saa chache walinipulizisha kwenye kifaa kinachopima ujazo wa pumzi, na katikati ya hapo waliniambia nivute hewa mara moja na kuhesabu kwa sauti hadi iishe. Idadi ilipungua kila siku. Kuna jambo ninalotaka kila anayemuuguza mgonjwa wa namna hii alishike: kile kifaa kinachobanwa kwenye kidole kuonyesha oksijeni kinaweza kuendelea kuonyesha namba nzuri wakati misuli ya kupumua imekaribia kushindwa. Oksijeni hushuka mwishoni. Sauti inayofifia, sentensi zinazokatika katikati, shingo isiyoweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, kikohozi kisicho na nguvu, hivyo hutangulia. Mdogo wangu ndiye aliyegundua kwamba sentensi zangu zimekuwa fupi. Alimwita muuguzi, na usiku ule nikawekewa mashine ya kupumulia kwa utaratibu, kabla haijawa dharura. Karibu robo ya wagonjwa hufika hapo.

Kwenye mashine nilijifunza tofauti ya kati na pembeni kuliko maelezo yoyote yangeweza kunifundisha. Mwili mzima ulikuwa kimya, na ubongo wangu ulikuwa mzima kabisa. Dawa za usingizi zilipopunguzwa, nilisikia kila kitu. Nilimsikia mtu akisema juu ya kitanda changu, kwa sauti ya kawaida, kwamba huyu sijui kama atarudi. Nawaomba sana wanaofanya kazi wodini na ndugu wanaokuja kutazama: mgonjwa wa Guillain-Barré asiyeweza kufumbua jicho anaweza kuwa anasikia kila neno. Zungumzeni naye, msizungumze juu yake.

Muuguzi mmoja mtu mzima alifanya kinyume. Kila alipoingia zamu aliniambia, "Mwanangu, mimi nimerudi. Sasa nakugeuza ubavu wa kushoto, nitaanza na bega." Sikuwa na namna ya kumshukuru. Macho yangu bado yaliweza kusogea, maana neva zinazoyasogeza zilikuwa zimesalimika, na mdogo wangu akatengeneza ubao wa herufi. "Kaka, nikifika kwenye herufi unayoitaka, tazama juu," alisema. Neno la kwanza nililotunga lilikuwa BEGA, kwa sababu lilikuwa limelaliwa vibaya tangu asubuhi. Tengenezeni ubao huo mapema, kabla mgonjwa hajapoteza sauti, na mkubaliane naye ishara ya ndiyo na hapana angali anaweza kuzungumza.

Kuna upande mwingine wa mfumo huu ambao sikuwa nimeusikia kabisa, ule unaojiendesha bila hiari yetu. Una matawi mawili: moja, lenye asili kwenye ugwe mgongo wa kifua na sehemu ya juu ya kiuno, huharakisha moyo na kubana mishipa ya damu, jingine, lenye asili kwenye shina la ubongo na sehemu ya chini kabisa ya ugwe, hutuliza moyo, huamsha usagaji wa chakula na hufungua kibofu. Matumbo nayo yana mtandao wao wa seli za neva, zaidi ya milioni 100. Ugonjwa wangu uligusa na huko. Moyo ulikimbia nikiwa nimetulia, shinikizo lilipanda na kuporomoka ndani ya saa moja, tumbo likagoma, jasho likatoka nusu ya juu tu. Kunivuta makohozi kwa mpira kuliwahi kuupunguza mwendo wa moyo mpaka mashine ikalia. Ndugu wengi hudhani hatari imekwisha mgonjwa akishawekewa mashine ya kupumulia. Kipindi hicho moyo na shinikizo vinahitaji kutazamwa saa zote.

Maumivu nayo hayaaminiki na watu. Wanauliza, mtu mwenye ganzi anaumwaje? Nyuzi zinazobeba mguso na zile zinazobeba maumivu si zilezile. Mimi nilipoteza hata habari ya mguu wangu uko wapi, nikifumba macho sikujua umekunjwa au umenyooka, lakini shuka ikipita juu ya unyayo nilihisi moto. Dawa za kawaida za maumivu hazikunisaidia sana. Zilizosaidia ni zile za maumivu ya neva, kama gabapentini. Mgonjwa akisema anaumwa, aaminiwe, na daktari aulizwe juu ya dawa za aina hiyo.

Tiba zilizothibitika ni mbili, na hakuna inayoizidi nyenzake. Moja ni imunoglobulini, kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji wengi wa damu na kuingizwa kwa dripu, kwa kawaida siku 5. Nyingine ni kubadilisha plazma, ambapo damu hupitishwa kwenye mashine, majimaji yenye kingamwili zinazoshambulia huondolewa na mengine huwekwa. Zote hufanya kazi vizuri zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Vidonge vya steroidi, ambavyo watu hukimbilia, havisaidii ugonjwa huu.

Zote mbili ni ghali sana, na sitaficha kwamba zilikula akiba yetu yote na za ndugu kadhaa. Siku ya kwanza kabisa ulizeni hospitali ina ipi kati ya hizo, bima inalipa kiasi gani, na kama kuna ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Wekeni pia fungu la baadaye. Kwetu mazoezi ya viungo, viatu maalumu, kiti cha magurudumu na mshahara uliokatika vilidumu kuliko dripu.

Halafu subirini. Nilimaliza dripu na siku zilizofuata nikawa dhaifu zaidi, na nyumbani wakagombana, wengine wakitaka nihamishwe, wengine wakisema dawa ni bandia. Dawa huzuia shambulio, haifumi mayelini papo hapo. Wagonjwa wengi hufika chini kabisa ndani ya wiki mbili tangu dalili zianze, na karibu wote ndani ya wiki nne. Baada ya hapo huja kipindi cha kukaa palepale, kinachochosha moyo kuliko kuanguka kwenyewe.

Nguvu ilirudi kwa kushuka: pumzi, shingo, uso, mabega, vidole vya mikono, mapaja. Seli za Schwann, zinazotengeneza mayelini ya neva za pembeni, zinaweza kuvika uzi tena kwa wiki au miezi. Penye uzi wenyewe uliokatika, hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku, na ugwe mgongo na ubongo hawana uwezo wa kuotesha nyuzi namna hiyo. Fanya hesabu kutoka gotini hadi kwenye vidole utaelewa kwa nini nyayo zangu zilichukua zaidi ya mwaka. Hesabu hiyo ilinifaa kuliko maneno ya kutia moyo. Nilipoona vidole vimekaa kimya nilijua havijafikiwa bado.

Kwenye mazoezi, mtaalamu wangu wa viungo alisisitiza kuacha kabla ya kuchoka. Neva inayopona ikisukumwa kupita kiasi, kesho yake nguvu hupungua. Alinifunga vishikizo vya miguu usiku ili nyayo zisilale kuelekea chini na kano zikafupika, na aliwakataza ndugu kuniinua kwa kunivuta mikono, kwa sababu bega lisilo na misuli huteguka kirahisi. Katika kulala muda mrefu nilichomwa pia dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni. Kama mgonjwa wenu hapewi, ulizeni.

Uchovu ndio uliobaki. Natembea, nafanya kazi, lakini mchana lazima nilale, na nikikosa usingizi ganzi hurudi kidogo kwenye vidole. Mwanzoni kila mara nilidhani ugonjwa umerudi. Kurudi hutokea kwa wachache, na tofauti niliyofundishwa ni hii: uchovu hupungua ukipumzika, ugonjwa huendelea kupanda hata ukilala. Magoti yangu hadi sasa hayajibu nyundo vizuri. Kila daktari mpya hushtuka, kwa hiyo natembea na karatasi inayoeleza ugonjwa niliopata na hali ya mitikisiko yangu baada ya kupona, ili asinipeleke upya kwenye sindano ya mgongo.

Karatasi hiyo ina mistari mingine miwili. Mmoja unasema nizungumze na daktari kabla ya chanjo yoyote, tupime faida na hatari pamoja. Mwingine ni wa daktari wa usingizi: misuli iliyowahi kukatiwa neva inaweza kumwaga potasiamu nyingi kwenye damu ikipewa suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli kabla ya upasuaji, na moyo ukasimama. Aliyepata Guillain-Barré na anakwenda kufanyiwa upasuaji, hata mdogo, amwambie daktari huyo mwenyewe kwa mdomo wake, hata kama limeandikwa kwenye faili.